Na Wote wa Killeen

Shamba la Killeen, Nebraska
9 Januari 1983

Kwako binamu Sabina,

Hunijui, nami sikujui, ila padri wa parokia yenu ameniandikia kwamba alisoma barua yangu madhabahuni baada ya Misa, na wewe ukasimama nje ya kanisa ukasema, "Hao ni watu wetu." Basi pokea salamu za watu wenu. Hapa shambani tumebaki wawili: mimi Emmet Padden, na dada yangu Rosella, ambaye ni mkubwa kwangu na hajaacha kunikumbusha. Sikuoa, naye hakuolewa. Si kwamba tuliapa, siku zilipita tu tukiwa na ng'ombe wa kukamua. Ndugu zetu wengine walihamia mijini na hupiga simu Krismasi. Baridi ya mwaka huu haina utani, maji ya ng'ombe yanaganda horini na kila asubuhi nayapasua kwa shoka. Mahindi yalikuwa mazuri. Wewe na wa nyumbani kwako mu hali gani?

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Bibi yetu mzaa baba alikuwa Honor Munnelly, dada wa babu yako Martin kama padri alivyoelewa. Alikuja huku na babu yetu Anthony mwaka 1886, wakajenga nyumba ya kwanza kwa mabonge ya udongo na majani yake. Hakuwa mtu wa kusimulia. Tukimuuliza habari za kwao alikuwa anasema, "Mvua. Haya, nendeni mkalishe kuku." Lakini kila jioni rozari ikiisha, sisi bado tumepiga magoti tukisukumana, alikuwa anatamka kwa sauti ya chini, "Na wote wa Killeen," nasi tunaitikia, "Wapumzike kwa amani." Ndipo tunaruhusiwa kuinuka. Alipofariki, baba aliendeleza, na baada ya baba, Rosella. Mpaka leo tunasema, wazee wawili na paka.

Kwa hiyo tunajua tumetoka Killeen. Baba alilipa shamba jina hilo, akachora kibao akakitundika langoni, na Rosella hukipaka rangi upya kila theluji ikiisha. Mjini hawatuiti Padden. Pale wanapouza chakula cha mifugo mimi ni Emmet Killeen. Shida ni kwamba kwenye ramani nimekuta Killeen nyingi Ayalandi nzima, ila kwenye parokia yenu hakuna hata moja.

Rosella anaumwa moyo. Miguu imevimba, na daktari alinivuta pembeni akaniambia nisipange mambo ya mbali. Amewatumikia watu wa nyumba hii maisha yake yote na hajawahi kuniomba kitu. Sasa ameomba kimoja: kiganja cha udongo wa Killeen, awekewe mkononi siku ya kuzikwa. Nakuomba unionyeshe ni wapi, na ukiweza, unitumie.

Nduguyo wa mbali,
Emmet


Mayo
20 Februari 1983

Binamu Emmet,

Mwenye posta aliileta barua yako mwenyewe, akakaa, akanywa chai vikombe viwili akisubiri niifungue. Nilimtoa na njaa yake ya habari. Sisi hatujambo, ukitazama umri wetu. Mume wangu Austin mgongo unamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakwenda kutafuta kazi. Mtoto wetu Padraic yuko Coventry kwenye ujenzi, na ameoa mtu wa huko, msichana mzuri ila chai yake maji matupu. Mvua haijakatika tangu Krismasi, kwa hiyo bibi yako hakuwadanganya.

Ni kweli, Honor alikuwa dada wa babu Martin. Nyumba waliyozaliwa ilishaanguka, umebaki ukuta mmoja wenye bomba la moshi, na kondoo wetu hujikinga upepo hapo. Nimekupigia picha. Aliyekaa chini ya ukuta ni Austin. Nilimwambia atabasamu, na hivyo ndivyo anavyotabasamu.

Babu alikuwa akisema usiku wa kumuaga Honor watu walicheza na kulia mpaka kulipokucha. Enzi zile anayekwenda Amerika tulimkeshea kama tunavyokeshea maiti, maana harudi. Honor mwenyewe hakulia. Ila asubuhi hakupita njia ya mkato na wenzake. Alipita ile ndefu ya upande wa ziwa, peke yake, na gari la farasi likamsubiri barabarani mpaka mwenye gari akaanza kutukana.

Kuhusu Killeen, hapa hakuna kijiji wala mtaa wa jina hilo. Labda bibi yako alikuwa akisema kitu kingine, masikio ya watoto tunayajua. Nimechukua udongo wa pale kizingitini kwao, nimeukausha juu ya jiko, nimeutia kwenye kopo la chai. Mpe Rosella huo. Ndio alioukanyaga Honor akijifunza kutembea, na sidhani kama upo ulio bora zaidi. Juu ya kopo nimeandika kwamba ni chai. Mungu ataelewa.

Wasalimie ng'ombe.
Sabina


Nebraska
10 Aprili 1983

Binamu Sabina,

Chai imefika salama. Rosella aliinusa, akalia kidogo, kisha akacheka kwa ajili ya yale maandishi. Picha ya Austin tumeiweka juu ya redio, na Rosella anasema huyo ni mtu ambaye ungemwachia nyumba ukasafiri. Ndama wamezaliwa salama isipokuwa mmoja. Pasaka nilimpeleka kanisani kwa gari mpaka mlangoni kabisa, akalalamika kwamba namtia aibu mbele ya watu.

Lakini juzi aliisoma tena barua yako akavua miwani.

"Huyu mama anajua," akasema.

"Anajua nini?"

"Angekuwa hajui angesema hajui. Amesema hakuna kijiji. Nani alimuuliza kijiji?"

Nikamwambia aache ushushushu. Ila na mimi kuna kitu kinanisumbua. Huku kwetu mawe ni haba, unaweza kulima siku nzima jembe lisigonge kitu. Lakini kwenye kona ya malisho, chini ya mti, kuna mawe madogo meupe ambayo bibi aliyaokota mtoni mmojammoja kwa miaka, akayapanga pale. Jumapili mchana, wengine wakilala, yeye alikuwa anakwenda kukaa hapo. Tulikatazwa kuchezea pale na tulikatazwa kuuliza. Baba aliniachia agizo nisipitishe trekta, nami sijapitisha. Siku zote nilidhani ni mambo ya kuleta bahati.

Rosella anakumbuka kwamba akiwa mdogo alichukua jiwe moja akalifanya mwanasesere, akalivika kitambaa. Bibi alipoona hakumchapa. Alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono, akamsihi kwa Kiirishi huku machozi yanamtoka, mpaka akalirudisha. Rosella hakuelewa neno hata moja isipokuwa Killeen. Anasema angechapwa angeshasahau zamani.

Mawe meupe ni ya nini, Sabina?

Emmet


Mayo
26 Juni 1983

Emmet,

Natumaini Rosella anaendelea. Sisi tulikuwa bwawani tukikata ule udongo mweusi wa kuwashia moto, na sasa ni nyasi za mifugo, kwa hiyo nafasi ya kuandika sina.

Umeniuliza habari za mawe. Bibi yako alikuwa na sababu ya kunyamaza, na alinyamaza mpaka akazikwa. Kuna mambo ambayo huku hayasemwi, na si kwamba watu wameyasahau. Udongo nimekutumia. Nakuomba usiniulize tena.

Sabina


Nebraska
28 Agosti 1983

Binamu Sabina,

Barua yako niliisoma nimesimama barabarani kwenye sanduku la posta, nikairudisha kwenye bahasha yake. Nilimwambia Rosella haijafika. Lakini alikuwa ameniona dirishani, kwa hiyo nilikaa nusu ya kiangazi nikitazamwa.

Kama nimekukanyaga penye kidonda, nisamehe. Sikuona. Mimi sitauliza tena, na kama hutaandika tena nitaelewa, ingawa nitasikitika, maana nyumba hii ilikuwa imechangamka tangu tupate mtu wa kututania.

Rosella hapandi tena ngazi, nimemshushia kitanda sebuleni. Mwaka huu kibao hakupaka rangi yeye. Nilipaka mimi, naye akanisimamia kutoka kwenye kiti akiniambia nimeharibu herufi ya kwanza. Ameniomba nikuandikie maneno yake kama yalivyo, na hayo nimeshindwa kumkatalia. Anasema: "Mwambie Sabina sitafuti hadithi. Nimewaombea watu hawa maisha yangu yote. Sitaki kufa bila kujua nilikuwa namwombea nani."

Emmet


Mayo
6 Novemba 1983

Mpendwa Rosella, na wewe Emmet,

Huu ni mwezi wa marehemu, na juzi nilitoka kuwasha mishumaa ya watu wetu makaburini. Austin hajambo. Padraic anakuja Krismasi na mke wake, na nitamfundisha chai. Nimechelewa kujibu, na nitawaambia kwa nini. Emmet, soma polepole.

Killeen si kijiji. Ni neno la Kiirishi, maana yake kanisa dogo, na wala pale hakuna kanisa, hakuna msalaba, hakuna ukuta. Ni kipande cha nyasi mpakani, upande wa ziwa, ambacho halimi mtu wala hachungi mtu. Karibu kila sehemu huku ina chake, ndiyo maana ramani ilikupa nyingi. Ndipo walipozikwa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa. Kwenye makaburi ya wengine hawakupokelewa. Tuliambiwa hawatauona uso wa Mungu milele, watakaa mahali pao pasipo mateso wala furaha. Hawakupigiwa kengele, hawakusomewa sala. Baba alimbeba mtoto kwenye kiboksi jua likishazama, akamfukia, akaweka jiwe jeupe. Mama alibaki kitandani na hakuambiwa ni jiwe lipi. Watu waliona hiyo ndiyo huruma.

Honor alipata mtoto mwaka mmoja kabla ya kuondoka. Babu alinisimulia siku moja tukichambua viazi, kama vile anasimulia habari za mvua. Alikuwa wa kiume, alizaliwa amekufa. Ndiyo sababu ya ile njia ndefu asubuhi ile. Na yale mawe, Rosella, hayakuwa ya bahati. Jiwe la mwanawe hakulijua, basi alijiwekea yake mahali ambapo angeweza kukaa Jumapili mchana.

Kisha nyinyi mkaliandika neno hilo langoni na kulipaka rangi. Nilipoliona juu ya barua yako ya kwanza, kwenye anwani, ilibidi nikae chini.

Nilikukasirikia, Emmet, na hukuwa na kosa. Mwaka 1951 nilimzaa msichana. Hakulia. Mwanamke jirani alimfunga vizuri akampa Austin, na Austin akatoka naye. Aliporudi alinawa mikono, akachochea moto, akaniuliza kama nitakunywa chai. Tangu siku ile hatujalitaja, si mimi si yeye, na tumelala kitanda kimoja miaka yote hii. Padraic hajui kwamba alikuwa na dada.

Barua yenye maneno ya Rosella niliificha nyuma ya saa ya ukutani. Jumamosi iliyopita niliitoa nikamsomea Austin kwa sauti mpaka mwisho. Nikamwambia, "Austin, ni jiwe lipi?"

Akachukua kofia yake. "Vaa koti," akasema, "kule kuna upepo."

Hakutafuta, Emmet. Alikwenda moja kwa moja. Mawe ni mengi na yote yanafanana, na nyasi zimeyafunika, lakini pembeni ya hilo moja nyasi zilikuwa zimekatwa. Miaka nenda rudi alikuwa ananiaga anakwenda kutazama kondoo upande wa ziwa, nami nikimcheka mbele ya watu, nikimwambia, "Mzee wewe, kondoo hatujawapeleka huko tangu uhai wa mama yako." Alikuwa anakwenda kupalilia.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Hukuuliza. Nilidhani hutaki."

"Nami nilidhani wewe ndiye hutaki."

Tulisimama pale wajinga wawili mpaka mvua ikatufukuza. Moyo wangu umevunjika upya, Rosella, na sijui kama nikushukuru au nikulaumu. Nadhani nakushukuru.

Pale hakuna anayechukua kitu, hata unyasi. Lakini Austin amesema damu ya Honor ikiomba, nani wa kuikatalia. Alichota kidogo kwa ncha ya kisu, nami nimeushonea udongo huo kwenye pindo la leso nyeupe. Safari hii sijaandika kwamba ni chai.

Sabina


Nebraska
11 Desemba 1983

Dada Sabina,

Salamu kwako na kwa Austin. Ng'ombe hawajambo. Theluji imefika madirishani. Rosella amefariki tarehe mosi ya mwezi huu, asubuhi, akiwa ameniomba nimfungulie pazia.

Barua yako ilikuwa imemkuta hai. Nilimsomea kwenye kiti chake, nikakwama pale pa kofia na koti, ikabidi amalizie mwenyewe. Mimi nilikuwa natazama kibao dirishani na kuona aibu, nikifikiria tulivyokitundika pale kwa majivuno, kila mpita njia akisoma.

"Nitakishusha," nikasema.

"Ukikigusa nitakufufukia," akasema. "Hicho ndicho kibao pekee waliowahi kuandikiwa."

Leso alilala nayo mkononi usiku ule. Kulipokucha alinirudishia. "Usinizike nayo," akasema. "Mimi nitakuwa na padri, na kengele, na jina langu juu ya jiwe. Ipeleke kwa bibi." Nilijua anasema wapi. Nilimwambia ndicho kitu pekee alichowahi kuniomba, na leso yenyewe imetoka mbali. "Basi sasa naomba kingine," akasema.

Tulipotoka kumzika nilikwenda kwenye kona ya malisho. Ardhi ilikuwa imeganda, nikaipasua kwa shoka la maji ya ng'ombe, nikaifukia leso chini ya mawe meupe. Kwa hiyo sasa lile ni kaburi la kweli. Bibi alikaa penye kaburi tupu maisha yake yote, na mimi nikapakwepa kwa trekta miaka yote nikidhani nalinda bahati.

Rosella alikuachia neno, akanitaka nilikariri mara tatu nisije nikakosea. Alisema: "Mwambie Sabina msichana wake ameombewa. Kuanzia jioni ile ile aliyozikwa. Jina hatukulijua, lakini hajakosa jioni hata moja."

Nina jambo moja la kijinga nimebaki nalo, na hakuna mwingine wa kumwambia. Rozari naimaliza vizuri. Nikifika mwisho nasema, "Na wote wa Killeen," halafu nyumba inanyamaza. Tumezoea mmoja kutamka na mwingine kuitikia. Nikijiitikia mwenyewe naona kama nadanganya. Juzi nilibaki nimepiga magoti hivyo hivyo, magoti yanauma, nikingoja, maana hakuna wa kuniruhusu niinuke. Paka haitikii.

Emmet


Mayo
8 Januari 1984

Kaka Emmet,

Pole. Sina neno kubwa kuliko hilo. Nilikuwa nimeanza kumfumia Rosella fulana ya sufu ya kuvaa kitandani, na sijui nifanye nini na mikono niliyokwisha kuifuma. Misa yake imesomwa Jumapili, na kanisa lilijaa, maana wote wanawajua sasa.

Austin aliichukua barua yako akaenda nayo zizini. Alirudi macho mekundu, akasema ni moshi. Zizini hatuna moto.

Padraic tulimwambia Krismasi. Aliomba apelekwe kuona, na mke wake akaenda naye bila kuvaa buti, akarudi na matope mpaka magotini. Sitamtania tena kuhusu chai.

Jina lake ni Delia. Nilikuwa nalo moyoni tangu sijamzaa, na sikuwahi kulitoa mdomoni mpaka wiki hii. Austin hakulijua, kwa hiyo kule ziwani alikuwa akimwita Kate, jina la mama yake. Basi sasa ni Delia Kate. Utatamka ukipenda.

Sasa nisikilize. Saa yenu ya rozari sisi huku tumeshalala, na Austin akilala haamki hata kwa radi. Lakini tumekubaliana. Kila jioni tukimaliza, yeye anatamka, "Na wote wa Killeen," nami naitikia. Kisha hatuinuki. Tunanyamaza kidogo, ule muda wa mtu kutamka, halafu tunaitikia tena, wote wawili, kwa sauti. Hiyo ya pili ni ya kwako.

Wewe tamka tu, kaka. Halafu inuka.

Sabina